Maziwa ya Vifaru Watatu

Jenoveva alizikwa Butiama kwa misa na kengele, na padri akamtaja kwa jina lake la ubatizo, lakini pale kaburini watu walinong'onezana, "Ndiye huyu Mama Maji." Vijana walidhani jina lilitokana na kuuza maji. Wengine wakasema alizaliwa siku ya mafuriko. Uongo mtupu. Jina hilo alilipata mwaka wa hamsini na tatu, kwa kosa ambalo mtu wa pwani angelicheka tu, akamaliza chai yake, akaondoka. Kwetu sisi wafugaji si la kuchekwa.

Kwanza mjue alikuwa nani kabla ya jina hilo. Alikuwa binti wa mfugaji, akaolewa na mfugaji, akafiwa na mume angali na nguvu zake. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji zake wakaja wakaswaga ng'ombe wote ishirini na mmoja, wakamwachia binti yake Marieta na vibuyu vitupu. Aliwalilia ng'ombe kuliko alivyomlilia mume, na hakuona haya kusema hivyo. Kitu kimoja hawakuweza kukiswaga, nacho ni sifa ya mkono wake. Toka Butiama hadi Bunda ilijulikana kwamba maziwa ya Jenoveva hayajawahi kuguswa na maji. Sifa hiyo si ndogo. Huku kwetu, mwanamke anayetia maji kwenye maziwa ili yaonekane mengi, ni heri angeiba. Mwizi huchukua kitu, huyu humharibu ng'ombe mwenyewe, maana wazee waliamini kwamba kiwele chake hukauka. Wapo waliorudishwa kwao kwa kosa hilo, mtoto mgongoni.

Sifa hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Mzungu mmoja alikuwa amefungua kambi ya wanyama Manyamanyama, pembeni ya Bunda. Jina lake lilikuwa gumu mdomoni, kwa hiyo tukamwita Bwana Kamba, kwa vile alikamata wanyama kwa kuwarushia kamba akiwa juu ya lori. Aliwafungia kwenye mazizi ya magogo, pundamilia, mbuni, swala, akawazoeza kuona watu, kisha akawapeleka Musoma wapande meli ya Kisumu, na kutoka huko treni mpaka Mombasa, mpaka Ulaya, ambako watu hutoa kiingilio ili wawatazame. Sisi tuliokuwa tunawafukuza mashambani bure tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini aliowataka kuliko wote ni vifaru wachanga, na kifaru mchanga haishi kwa majani, anataka maziwa. Bwana Kamba akanunua ng'ombe sita wa kukamua, akauliza nani ana mkono safi, akaletewa Jenoveva.

Kifaru wa kwanza alikuwa dume, mzito kuliko gunia la mahindi, na sauti yake nyembamba kama ya mwanambuzi. Mama yake alikuwa ameuawa na wawindaji. Jenoveva akamwona yatima, akampenda hapo hapo. Alimnywesha kwa chupa ya bia iliyovishwa chuchu ya mpira, maziwa mazito, yenye mafuta yake yote ya juu, yaliyotoka kiweleni bado yana joto. Ndama akanywa, akanyonya na vidole vyake. Siku ya nne akaanza kuhara. Siku ya tisa akafa. Bwana Kamba akasema ni mshtuko wa kukamatwa, na Jenoveva akalia kama aliyefiwa na ndugu.

Wa pili aliletwa baada ya miezi mitatu. Safari hii Jenoveva akajiambia, yule wa kwanza hakushiba. Akakusanya mafuta ya juu ya ng'ombe wawili akamwongezea, kama tunavyomfanyia mgeni wa heshima. Huyu hakufika hata siku ya nane. Sasa Bwana Kamba akakasirika, akawaita watu wa zizi la vifaru mbele ya lori. Walikuwa watatu. Felisiani, nyapara, mzee wa maneno mengi na macho mekundu. Gati, mwanamke wa Kikurya aliyekata matawi ya ndama kutafunatafuna. Na Jenoveva.

"Kilichomuua ni majani au ni maziwa?" Bwana Kamba akauliza kwa Kiswahili chake cha jikoni.

Felisiani akasema yeye alimwona Gati akikata mti asioujua. Gati akasema mti ule vifaru wa porini wanaulaga kila siku, yeye mwenyewe amewaona. Bwana Kamba akamgeukia Jenoveva. Jenoveva akasema maneno manne tu, na maneno hayo manne yalimkalia kooni maisha yake yote: "Maziwa yangu hayana kasoro."

Basi. Yakibaki majani peke yake, mkosaji ni nani? Gati alifukuzwa kabla jua halijafika utosini. Angefukuzwa tu ingekuwa nafuu, lakini Felisiani aliongeza chumvi, akaeneza kwamba mikono ya yule mwanamke ina sumu. Wenye ndama wakaanza kuwaficha akipita. Mumewe naye, bwege mmoja, akasikiliza maneno ya watu kuliko ya mkewe. Gati akafunga kitenge chake kimoja, akaenda kukaa Mugango kwa kaka yake, kuanika samaki. Jenoveva alimwona akipita barabarani na furushi kichwani. Alitaka kumwita, hakumwita. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwaka ukageuka. Ikaja barua kutoka kwa wale wanaonunua wanyama huko Ulaya, yenye manung'uniko mengi. Wanyama wanafika wamekonda, wengine wanatupwa baharini, kwa sababu kila mhudumu njiani anawalisha anavyojua mwenyewe. Sasa wanataka kila sanduku lisafiri na karatasi inayoeleza mnyama huyu anakula nini, mara ngapi, analalia nini, anaogopa nini. Kanuni za matunzo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ili hata mpagazi wa melini asiseme hakujua.

Bwana Kamba akamleta karani kutoka Musoma, Twalib wa Mwisenge, mtoto wa fundi cherehani, kijana msafi wa kofia ya kazi ya mkono, aliyemwogopa hata mbuni. Alikaa juu ya sanduku la sabuni, taipu magotini, akiwauliza watunzaji mmoja mmoja. Na hapo, jamani, watu wasiojua kusoma walitoa elimu. Swala asifungwe peke yake, atajigonga kwenye miti mpaka avunjike. Pundamilia apewe maji kabla ya jua kali, tena kwenye chombo kile kile, akibadilishiwa anasusa. Mbuni aondolewe misumari na vipande vya waya, maana anameza kila kinachong'aa. Twalib alipiga taipu huku akicheka peke yake.

"Na wewe, Mama Marieta, maziwa ya kifaru unayafanyaje?"

"Andika," Jenoveva akasema, amesimama wima kama anayeapa. "Yatoke kiweleni yaende mdomoni. Mafuta ya juu yasiondolewe. Maji yasiyaguse, hata tone. Mimi nilikuwaga na ng'ombe wangu, najua."

Bwana Kamba aliyasoma akapenda. Ikawa kanuni ya nne, naye akaiongezea mkia: atakayeonekana ametia maji kwenye maziwa, atafukuzwa siku hiyo hiyo. Jenoveva ndiye aliyetangulia kupiga makofi. Alitembea siku nzima kifua mbele, utadhani ametangazwa ndoa kanisani.

Kifaru wa tatu aliletwa wiki hiyo hiyo, jike. Huyu hakumpa jina, maana wale wawili aliwapa majina na ona yaliyowapata. Akamnywesha kwa kanuni ya nne. Siku ya tano ndama akahara, akasimama kichwa chini pembeni ya zizi, sauti imekwisha. Jenoveva akajua wimbo huo unavyokwisha. Alisali rozari mpaka vidole vikafa ganzi.

Siku hiyo hiyo ikaja habari kutoka Butiama kwamba Marieta, aliyeolewa huko, amejifungua mtoto wa kiume. Furaha ikamjia na msumari wake. Mama wa mzazi haendi kumtazama mwanawe mikono mitupu. Anapeleka samli, kibuyu kizima, mtoto apakwe na mama apikiwe, na wakwe wanakipima kibuyu kwa macho kabla hawajakuamkia. Jenoveva angeipata wapi samli, yeye ambaye ng'ombe wake wanakamuliwa na shemeji zake? Alikaa akiyatazama maziwa ya jioni yaliyolala kwenye vyungu yakingoja chupa za usiku, mafuta yamepanda juu, mazito, ya manjano. Na moyo ukamwambia: huyu ndama anakufa hata hivyo.

Akaiba. Hakuna neno jingine, na yeye mwenyewe hakuwahi kutafuta jingine. Kwa siku nne aliondoa mafuta yote na sehemu ya maziwa ya juu, akayatikisa kwenye kibuyu nyuma ya kibanda chake. Na ili ndoo isionekane imepungua, akajazia maji ya moto. Mara ya kwanza akamwaga nusu chini. Alijiona mchafu. Alikumbuka mama yake mzazi, akaomba asiwe anamwona.

Siku ya pili ndama akaacha kuhara. Siku ya tatu akapiga kelele za njaa. Siku ya nne alimfukuza Felisiani zizini akamwangusha kwenye kinyesi, na kambi nzima ikacheka isipokuwa Jenoveva. Yeye alishika nguzo ya zizi, akafikiri, Mungu amesikia rozari. Alitaka sana iwe rozari.

Akapeleka samli yake Butiama, akabeba mjukuu, akasifiwa na wakwe, na kila sifa ilimchoma. Akarudi ameazimia kutubu. Maziwa yakawa tena mazito, safi, ya heshima. Siku mbili tu, ndama akaanza kuhara.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikaa chini pale pale kwenye nyasi, ndoo mbele yake. Hakuhitaji karani wa kumsomea. Siku iliyofuata aliondoa mafuta kwa makusudi, akatia maji kwa makusudi, na baada ya siku mbili ndama alikuwa mzima, anamsukuma tumboni akitaka chupa. Basi wale wawili waliuawa na maziwa mazuri, yaliyomiminwa kwa upendo na mkono huu wenye sifa. Mikono ya Gati haikuwa na sumu yoyote.

Mngefanyaje ninyi? Msijibu haraka. Yeye alifanya ambalo wengi wangefanya. Aliendelea kutia maji kwa siri, na kunyamaza. Ndama akanenepa, Bwana Kamba akamsifu mbele ya watu kwa maziwa yake safi, naye akainamisha kichwa. Alijiambia ilimradi mnyama anaishi, maneno ya nini? Mwezi mzima alijidanganya hivyo.

Halafu siku ya safari ikafika. Ndama akatiwa kwenye sanduku la mbao, sanduku likapandishwa kwenye lori, na Jenoveva akapanda pamoja nalo ili amnyweshe njiani mpaka Musoma. Meli ilikuwa gatini inapakia pamba. Twalib alikuwa anawangoja na karatasi yake, ameitia kwenye bahasha ya turubai isilowe. Akamwita mhudumu wa melini, baharia mwenye fulana iliyotoboka, akamsomea kanuni kwa sauti, kama ilivyoagizwa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha: "Ya nne. Apewe maziwa yasiyopunguzwa mafuta, na yasiyotiwa maji hata tone."

Baharia akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu mwaminifu, ilionekana usoni, atafuata neno kwa neno. Jenoveva akayaona yote kwa mara moja. Kisumu, treni, Mombasa, bahari, wiki na wiki za watu waaminifu wanaomnywesha yule mnyama kifo kwa chupa, kwa sababu yeye amesema andika. Ndama akatoa mdomo kwenye uwazi wa mbao, akatafuta vidole vyake.

"Futa," akasema.

Twalib akainua macho. "Nifute nini, mama?"

"Ya nne. Si kweli. Mafuta yanamharisha, ndiyo yaliyowaua wale. Huyu anaishi kwa maji."

Karani akamvuta pembeni, nyuma ya marobota ya pamba, akashusha sauti. "Mama Marieta, Bwana atauliza umejuaje. Ukisema umejuaje, kanuni hii hii inakufukuza. Mimi ndiye niliyeipiga taipu. Nyamaza, nami nitamnong'oneza huyu baharia."

Alikuwa kijana mwema, na shauri lake lilikuwa tamu. Jenoveva alilionja kidogo, hilo alilikiri baadaye. "Huyo atamnong'oneza nani Kisumu?" akauliza. "Na wa Kisumu atamnong'oneza nani? Mficha uchi hazai, mwanangu. Niitie Bwana."

Akasema. Akasema yote, mbele ya wapagazi, wengi wao watoto wa wafugaji, na alipofika kwenye neno maji aliona nyuso zikigeuka. Mzee mmoja alitema mate, akamwita Mama Maji, akarudi kwenye robota lake. Bwana Kamba hakugomba. Alichuchumaa, akauliza maji kiasi gani, ya moto au baridi, siku ngapi mpaka apone, akauliza tena akitaka kuhakikisha kwamba jibu ni lile lile. Aliandika kwenye kidaftari chake. Kisha akamwambia Twalib afute kanuni ya nne kwa kalamu na aandike juu yake: maziwa yaondolewe mafuta yote, sehemu mbili za maziwa kwa moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa kidogo. Akatia sahihi. Halafu akasimama, akapangusa magoti.

"Umeiba, na umenidanganya mwezi mzima," akasema. "Kazi kwisha leo."

"Ni haki," Jenoveva akajibu. "Lakini iandikwe pia kwamba Gati hakuwa na kosa."

Bwana Kamba alikuwa ameshageuka. Twalib ndiye aliyejibu, akiitazama karatasi kwa aibu kana kwamba yeye ndiye aliyeipunja nafasi. "Hii ni karatasi ya wanyama, mama. Watu hawamo."

Sanduku likapakiwa. Ndama alilia kidogo, kile kisauti chake, mpaka meli ilipopiga honi kikamezwa. Miezi mingi baadaye Twalib alituma salamu kwamba kifaru alifika mzima, na kwamba kanuni ile ilikuwa imeombwa na wengine wanaofuga vifaru huko Ulaya. Lakini siku ile hakuna aliyejua. Jenoveva alisimama gatini hana kazi, hana sifa, na aibu yake inatangulia kwenda Bunda kwenye lori lile lile lililomleta. Angeweza kwenda Butiama kwa mjukuu. Akashika njia ya Mugango kwa miguu, akalala kwa Mkristo mwenzake njiani, akafika asubuhi.

Gati alikuwa chini, ufukweni, pamoja na wifi yake na wanawake wengine watatu, wanapasua samaki wa furu na kuwatandaza juani. Alikuwa amekonda. Alimwona Jenoveva toka mbali, hakuinuka.

Jenoveva hakungoja kukaribishwa. Akasimama mbele yao wote akasema kama alivyosema gatini, habari ya wale wawili waliokufa, ya samli, ya maji, na yale maneno manne. Hakujitetea. Wale wanawake waliacha visu.

"Haya umemwambia Mzungu?" Gati akauliza.

"Nimemwambia jana."

"Jana. Mnyama alipokuwa anaondoka."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nangojaga mwaka mzima, na kifaru hakungoja hata siku moja."

Jenoveva akaitikia kwa kichwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Gati akanawa mikono, akapanda nyumbani kwa kaka yake, akarudi na kibuyu cha maziwa ya asubuhi, kata moja, na mtungi mdogo wa maji. Mgeni ni mgeni, lazima apewe maziwa, hata akiwa nani. Akamimina kata ikafika katikati. Maziwa yalikuwa mazito, yana mafuta yake. Kisha, taratibu, macho ya wanawake wote yakiwa juu ya mikono yake, akachukua mtungi akajazia maji mpaka juu. Wifi yake akageuza uso pembeni. Jambo kama hilo hakuna aliyewahi kuliona likifanyiwa mtu mzima.

"Kunywa, Mama Marieta," akasema. "Si ndiyo yanayoponyaga?"

Jenoveva akaipokea kata kwa mikono miwili, akapiga magoti mchangani. Akanywa bila kupumzika, maji na maziwa, mbele yao wote, mpaka tone la mwisho. Akairudisha kwa mikono miwili vilevile. Gati akaipokea, akaiinamisha kidogo kwenye mwanga, akachungulia ndani kuona kama amebakiza.